Kigogota wa Upande wa Kushoto

Kigogota hana huruma na kichwa chake. Anakipigiza kwenye mti mkavu asubuhi nzima, vipande vya gome vinaruka, vumbi la mti linamrudia usoni, naye haachi. Kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza: mwalimu, mbona haumwi kichwa? Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Isinya, na jibu ninalo. Ubongo wake ni mdogo, umebanwa vizuri ndani ya fuvu, hauna nafasi ya kutikisika. Fuvu lenyewe ni gumu. Anapiga moja kwa moja mbele, hapindi shingo. Ulimi wake ni mrefu kiasi kwamba shina lake linazunguka nyuma ya kichwa na kupanda hadi utosini, ili aweze kuutumbukiza ndani kabisa ya mashimo ya siafu na mchwa. Nikimaliza hayo nafuta ubao. Nisichowaambia ni kwamba wakati nilipoanza kumtazama ndege huyu kwa makini, kichwa changu mwenyewe kilikuwa kimetoka kugongwa, na hakikuumbwa kwa kazi hiyo.

Aliyekigonga ni mume wangu. Tulikuwa tunakaa Kitengela, ambako alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja tulikuwa na wageni, akasema jambo akakosea, nami nikamsahihisha. Jambo dogo tu, hata silikumbuki. Wageni walipoondoka alifunga geti, akarudi, akanishika nywele na kunigonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Ilikuwa fremu ya chuma, ametoa dukani kwake mwenyewe. Alinigonga upande wa kushoto, tena na tena, bila kupandisha sauti, akisema, "Utaniheshimu." Nilipoanguka alinikanyaga mbavu. Kisha akanawa mikono na kuwasha televisheni. Asubuhi alipokwenda kufungua duka nilichukua begi moja nikaenda kwa baba, upande wa Kajiado, nikiwa na damu iliyoganda ndani ya sikio.

Mtaniuliza mbona sikupanga nyumba, na mshahara ninao. Ni rahisi kuuliza. Kwetu Umaasaini mke akimkimbia mume hupokewa kwa babake, hupewa chai, hupona, halafu hurudishwa. Harudi peke yake kama mbuzi aliyepotea. Baba mwenyewe humtangulia njiani. Mume naye hutuma wazee na blanketi kuomba radhi, na baba akishalipokea blanketi, maneno yamekwisha. Mwanamke anayemkataa mume na kumkaidi baba kwa mkupuo mmoja hana tena pa kusema ni kwao. Nami nilimpenda baba. Wazee walikuja, blanketi likaja, baba akalipokea. Nililiona lile blanketi jekundu mabegani mwake nikatamani kulitia moto.

Hakuniuliza nilifanywa nini. Baba wa kwetu hamuulizi bintiye mambo ya nyumba ya mumewe; ni aibu kwa wote wawili. Aliangalia uso wangu uliovimba, akaangalia ng'ombe wake, akasema, "Jumamosi tutaenda." Mama alinitilia mafuta ya uvuguvugu sikioni na kuniambia mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu kwamba mbivu zangu zimeoza zikiwa bado mtini. Yeye ndiye pekee aliyejua kwamba sikio lile lilikuwa halisikii tena, linavuma tu kama redio iliyokosa stesheni.

"Usimwambie baba," nilimwomba.

"Kwani baba yako hana macho?" alisema mama, akaendelea kusafisha kibuyu chake cha maziwa.

Lakini kabla ya safari kuna oltilo. Ndivyo Wamaasai wanavyomwita kigogota. Mtu anayetoka kwenda safari humsikiliza: akilia upande wa kulia, njia ni njema, akilia kushoto, mbele kuna ubaya, na mwenye akili anarudi nyumbani na kuweka fimbo chini. Zamani hata morani waliokwenda vitani waligeuka kwa sauti hiyo. Siku hizi wengi wameliacha jambo hili, wanasema ni ushenzi. Baba hakuliacha. Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida, na siku za safari alimsikiliza oltilo, na sikuona vitu hivyo viwili vikigombana ndani yake.

Jumamosi ile ya kwanza tulitoka kwa mlango mkubwa wa boma, baba mbele na fimbo yake, mimi nyuma na begi. Njia inashuka hadi barabara ya changarawe, na mkono wa kushoto ulisimama mgunga mzee, nusu yake imekauka. Niliona baba amesimama. Nikageuza kichwa kama kuku, nikatega sikio zima, ndipo nikasikia: mlio mkali unaoanza juu na kuteremka haraka, na wa pili ukiudakia wa kwanza, dume na jike wakipokezana.

"Oltilo," akasema baba. "Kushoto." Alinitazama kidogo, akageuka. "Rudisha begi ndani, entito."

Entito ni msichana. Hakuwa ameniita hivyo tangu nilipoolewa.

Sikushukuru ndege wala Mungu. Nilikuwa na hasira mno. Nilikaa kwenye jiwe na rundo la madaftari ya kusahihisha, nikautazama ule mti kama mtu anayemtazama hakimu. Vigogota walikuwa wawili, wenye madoadoa mgongoni na kifuani. Dume ana wekundu utosini na mashavuni, jike ana wekundu wa kisogoni tu. Walikuwa wanachimba tundu kwenye upande uliokauka. Vidole vyao viwili vinatazama mbele na viwili nyuma, mkia ni mgumu, wanauegemea kama fundi anavyoegemea ngazi. Mmoja akichoka mwingine anashika zamu. Hapo ndipo nilipoelewa lililo wazi: wanalia kushoto kwa sababu nyumba yao iko kushoto. Maadamu wanakaa mti ule, kila anayetoka kwa mlango mkubwa atawasikia upande huo. Maisha yangu yalikuwa yamening'inia kwenye tundu la ndege.

Kwa hiyo fikirieni nilivyohisi kwezi walipokuja. Kwezi ni ndege mzuri, mgongo wa buluu unaometameta, tumbo rangi ya kutu, na ni mwizi. Hachimbi, anangoja mwenzake amalize. Siku tundu lilipokamilika walishuka kundi zima. Wawili walimdaka jike wa kigogota mlangoni kwake, wakaanguka naye chini, wakabingirika vumbini wakimdonoa kichwani. Dume alikuja kama jiwe lililorushwa. Niliona mdomo wake ukiingia kwenye jicho la kwezi mmoja na kutoka. Yule kwezi alizunguka chini akipiga bawa moja, akafa miguuni pangu. Hata hivyo vigogota walishindwa. Kwezi ni wengi na wanasaidiana, na wakati wawili wanapigana wa tatu alikuwa amekwisha kuingiza majani tunduni. Niliokota mawe nikawatupia wale wezi huku nikiwatukana kwa Kiswahili na Kimaa, mwalimu mzima, na madaftari yakapeperuka hadi kwenye ua wa seng'enge.

Vigogota hawakuhama. Walishuka chini kidogo kwenye shina lilelile, wakaanza kuchimba upya. Jumamosi ikaja, tukatoka, wakalia kushoto, tukarudi. Jumamosi nyingine vivyo hivyo. Baba aliona wasiwasi wangu akasema neno alilodhani litanituliza. "Oltilo wakishatoa watoto watahama. Hapo tutaenda, njia itakuwa safi." Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilijua ni kazi ya wiki chache tu: mayai yanaatamiwa, watoto wanalishwa, wanaruka. Ndege walewale walionishikilia kwa baba ndio waliokuwa wananirudisha kwenye ile fremu ya mlango, siafu mmoja baada ya mwingine.

Mume wangu alikuja mwenyewe alipochoka kungoja. Alikuja na pikapu ya duka, kofia safi, tabasamu. Baba alimchinjia mbuzi. Waliitana "pakiteng", kama wanavyoitana waliopeana ng'ombe, na mume wangu alikuwa ameleta ng'ombe wazuri siku ya posa. Alikula vizuri. Alipoelezwa habari ya oltilo alicheka hadi akafuta machozi.

"Pakiteng, kwa heshima yote," akasema, "boma iko na mlango ya nyuma, ile ya ng'ombe. Tukitoka na hiyo, ule mti utakuwa upande ya kulia. Ndege atalia vile anataka."

Ilikuwa kweli, na hakuna mtu aliyekuwa ameitaja. Baba alitafuna nyama yake taratibu, akatema kipande cha mfupa.

"Msichana wangu si ng'ombe," akasema. "Atatoka na mlango ya watu."

Nilidhani ni kiburi cha mzee tu. Mume wangu hakucheka tena. Wakati wa kuaga alinipa mkono mbele ya wote, akaukaza hadi vidole vikalia, uso wake ukiwa bado na tabasamu. "Mke wangu amenona," alimwambia mama.

Baada ya hapo alikuja mlembe. Ni wa ukoo wa wale ndege wanaowaongoza watu kwenye asali, na watu humsifu sana kwa hilo. Nyumba hajengi. Jike huvizia vigogota wakiwa mbali, anaingia, anataga, na akiweza anatoboa mayai ya wenyeji. Nilimwona akitoka, wa kijivu, mnyonge wa kutazamwa, nikajua kitakachofuata kwa sababu nimekisoma. Kukisoma si kukiona. Kifaranga cha mlembe huanguliwa kipofu, hakina unyoya hata mmoja, lakini mdomoni kina kulabu mbili, ya juu na ya chini. Gizani mle kinapapasa mpaka kinaguswa na mwili wenye joto, kinauma, kinatikisa, kinaachia, kinauma tena. Hakiachi mpaka kibaki peke yake.

Niliwaokota watoto wa kigogota chini ya mti, mmoja asubuhi, mwingine siku iliyofuata. Wazazi waliwatoa kwa midomo yao wenyewe na kuwaangusha, kama tunavyotoa taka. Ngozi zao za waridi zilikuwa na matundu mawilimawili, shingoni, tumboni, na mmoja alikuwa bado anapumua nilipomweka kiganjani. Niliwazika kando ya jiwe langu nikalia kwa sauti. Hapo juu dume alikuwa amerudi na mdomo uliojaa siafu, anamlisha aliyebaki. Alimlisha kutwa nzima. Yule muuaji alipiga kelele za njaa za mtoto halali wa nyumba, na aliyemzaa mtoto halali akakimbia kumtafutia.

Mtoto wa mlembe hukaa tunduni muda mrefu kuliko wa kigogota. Kwa hesabu ya mtu anayesubiri kurudishwa, hiyo ilikuwa habari njema, na nilijichukia kwa kuipokea hivyo.

Jumamosi ya mwisho mume wangu alikuja mapema, baba akiwa bado amepeleka ng'ombe kisimani. Hakuingia bomani. Nilisikia injini, nikadhani ni pikipiki, kumbe ni msumeno wa petroli ametoka nao dukani. Nilipofika chini ya mgunga alikuwa amekwisha kuuingiza kwenye shina, vumbi jeupe linamrukia kwenye suti. Nilimshika mkono. Alinisukuma kwa kiwiko, kikanipata mdomoni, nikaanguka kwenye miiba. Hakunitazama hata mara moja. Vigogota walizunguka juu wakipiga kelele, jike alishuka hadi karibu na kofia yake, lakini dume alikuwa ndani ya tundu na hakutoka. Hatoki kirahisi huyo. Huwalinda walio ndani hadi mwisho. Mti ulipoanza kulia na kuinama ndipo alipochomoka. Mume wangu alizima msumeno, akachukua rungu lake kutoka kwenye pikapu, akalirusha. Alikuwa morani kabla hajawa mzee wa kanisa, na mkono ulikuwa haujasahau. Ndege alipasuka hewani. Wekundu wake ulinirukia kwenye nguo.

Mgunga ulianguka na kuvunjika pale penye tundu. Baba alikuwa amesimama njiani, anahema, fimbo mkononi. Aliusikia ule msumeno kutoka kisimani akaacha ng'ombe. Sijui aliona kuanzia wapi. Alinitazama nikiwa chini na damu mdomoni. Alikwenda hadi kwenye shina, akainama. Katikati ya maganda na vumbi palikuwa na kitoto kinene cha kijivu, kimeanza kuota manyoya, mdomo wazi, kinadai chakula.

"Huyu ni mtoto wa oltilo?" aliniuliza.

"Hapana, baba. Ni wa mlembe. Aliwekwa. Watoto wa oltilo aliwaua."

Alikisogeza kidogo kwa ncha ya fimbo. Kile kitoto kiliuma fimbo, kikaning'inia.

"Na oltilo walikuwa wanamlisha?"

"Walimlisha, baba. Walidhani ni wao."

Baba alilitoa lile blanketi jekundu mabegani, akalikunja, akaliweka juu ya mti ulioanguka. Nilidhani amesikia joto.

"Sasa, pakiteng," mume wangu akasema, anajipangusa vumbi, sauti yake imejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri, "hiyo maneno ya kushoto na kulia imeisha. Hakuna mti, hakuna ndege. Wacha nipeleke bibi yangu nyumbani."

"Lete begi yako," baba aliniambia.

Nilikwenda. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika mdomo kwa leso. Nilichukua begi na kutoka kwa mlango mkubwa, baba mbele, mimi nyuma, kama Jumamosi zote. Mume wangu alikuwa kwenye pikapu na mlango wa upande wa pili uko wazi. Niliuangalia ule mlango nikaona fremu. Kushoto kwangu palikuwa na uwazi mpana uliojaa mwanga, mahali ambapo mti ulikuwa. Niligeuza kichwa, nikatega sikio zima. Hakuna kitu. Upepo tu, na injini.

Baba akasimama.

"Oltilo," akasema. "Kushoto."

Mume wangu alicheka, kisha akaona baba hacheki. Alishuka kwenye gari. "Mzee, ndege nimeua. Hata wewe umeona. Ako hapo chini, hana kichwa."

"Huyo huyo. Amelia."

"Hakuna kitu imelia. Muulize huyu." Alininyooshea kidole. "Umesikia kitu, wewe?"

Baba alirudi nyuma hatua, akasimama kati yetu, upande wangu wa kushoto. Hakuwa amenigusa tangu nikiwa mdogo, haifai kwetu. Aliweka kiganja chake juu ya lile sikio bovu, kikalifunika lote.

"Huyu hawezi kusikia upande huu," akasema. "Ulimfunga sikio. Tangu alipofika namwona vile anageuza kichwa. Sasa upande huu, mimi ndiye nasikia." Aliuonyesha ule mti ulioanguka na blanketi lililokunjwa juu yake. "Chukua blanketi yako. Ng'ombe zako utazikuta hapo kwa mlango ya nyuma. Nenda, kijana."

Kijana. Si pakiteng. Mume wangu alifungua mdomo, akainua mkono kwa mazoea, na fimbo ya baba ikaupokea kwenye kifundo, mara moja, kwa sauti kavu ya mti unaovunjika. Alipiga magoti kwenye maganda ya mgunga akiushika mkono, akilia. Baba hakumpiga tena. Alingoja hadi alipoinuka mwenyewe na kuingia garini.

Tulisimama mpaka vumbi la pikapu likatulia kwenye barabara ya changarawe. Juu ya nguzo ya seng'enge jike wa kigogota alikuwa ametua, mdomo umejaa siafu, anageuka huku na huku akitafuta tundu. Baba alimwangalia, kisha akachukua begi kutoka mkononi mwangu na kulirudisha ndani yeye mwenyewe.